Mlima Kasoro Ziwa

Morogoro huitwa mji kasoro bahari, na wenyeji hawalichukii jina hilo. Maana yake ni kwamba mji una kila kitu, milima, mito, maembe, hewa, ila bahari tu. Anayeshuka stendi ya Msamvu na begi la mgongoni, nia yake kupanda Uluguru, hugundua kasoro ya pili ambayo haisemwi sana. Upande wa mashariki wa mlima huu ni miongoni mwa sehemu zinazonyeshewa zaidi Tanzania nzima, lakini ukitandaza ramani ukatafuta ziwa huko juu, hulipati. Kuna vijito, maporomoko, ukungu na, mwezi wa Novemba, mvua inayoingia bila hodi. Maji yaliyotulia, ya kukaa kando yake ukala chapati zako, hakuna.

Waliozoea milima mingine huliona hilo kama upungufu. Mimi naona ndilo jambo la kwanza la kuelewa kabla ya kufunga kamba za viatu. Maji mengi namna hiyo hayawezi kukosa mahali pa kukaa. Ukijua yanakaa wapi, utajua pia kwa nini anga ya vuli inageuka ghafla, saa ngapi uanze kupanda na saa ngapi ukate shauri la kushuka, na kwa nini mtu wa Kinondoni, Dar es Salaam, ambaye hajawahi kuuona mlima huu ana sababu ya kuuliza habari zake.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ziwa la mlimani halitokani na mvua. Mvua hulijaza tu. Kinachotangulia ni shimo, na katika milima ya Afrika Mashariki mashimo hayo yamechimbwa na barafu au na moto. Mlima Kenya na Ruwenzori zilifunikwa na barafu nene enzi za baridi kali. Barafu hiyo iliteremka polepole ikikwangua mwamba, na ilipoyeyuka ikaacha mashimo na kingo za vifusi, ambamo leo yamekaa maziwa kama Michaelson upande wa Kenya na mengineyo upande wa Uganda. Nyanda za Juu Kusini kazi hiyo ilifanywa na volkano. Anayekwenda Ziwa Ngosi, kusini ya jiji la Mbeya, hupanda msituni mpaka kwenye ukingo, kisha anachungulia maji yaliyo chini yake ndani ya kinywa cha volkano iliyolala.

Uluguru haikupata barafu wala moto. Kilele chake cha juu kabisa, Kimhandu, kina kama mita 2,630, na huo si urefu wa kuzaa barafu hata enzi zile. Miamba yake si ya volkano. Ni miamba ya kale iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ikaja kuinuliwa baadaye kwa mipasuko ya ardhi ikabaki imesimama juu ya nyanda zinazoizunguka, sawa na ndugu zake wa Tao la Mashariki: Usambara, Nguru, Ukaguru, Udzungwa. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi, na kilele cha Lupanga, kinachoukodolea macho, kinapita mita 2,100. Umbali kati yao kwa mstari ulionyooka ni wa kilomita chache. Kwenye mteremko wa namna hiyo, tone likishagusa ardhi hupewa amri moja tu.

Ushahidi mzuri wa ukosefu wa madimbwi umo katika chura. Chura wa kawaida anahitaji maji yaliyosimama: anataga humo, viluwiluwi wanaogelea humo mpaka waote miguu. Katika misitu ya Uluguru wapo vyura wadogo wa jamii ya Nectophrynoides ambao hawatagi kabisa. Watoto hukulia tumboni mwa mama na huzaliwa wakiwa vyura kamili, wadogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Kwa kiumbe anayeishi mahali ambapo maji yote yanakimbia, faida ya kuzaa namna hiyo inaonekana bila kuelezwa sana. Ndugu yao tunamfahamu wote, maana alitajwa mpaka bungeni: chura wa Kihansi, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko kule Udzungwa, akapelekwa kulelewa Marekani, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Wa Uluguru hajapata umaarufu huo, na pengine ni heri yake.

Basi maji yanakaa wapi? Kwanza yanakaa hewani, na hapa ndipo mpandaji wa Novemba anapopaswa kutulia na kusoma.

Uluguru umelala kutoka kaskazini kwenda kusini, kifua chake kikiwa kimeelekea Bahari ya Hindi, kilomita zisizofika 200. Kati ya mlima na pwani hakuna kizuizi cha maana; ni nyanda za Ruvu na Ngerengere, kisha fukwe. Iwe kusi au kaskazi, pepo zinazofika hapa zimepita juu ya bahari yenye joto na zimebeba mvuke. Zinapokutana na mlima hazina pa kwenda ila juu. Hewa inayopanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kushika mvuke uleule, kama chupa ya soda baridi inavyotoka jasho juu ya meza. Ndiyo maana vijiji vya upande wa mashariki, Kinole na Tegetero kwa mfano, hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu nyingine hupita 3,000. Upepo ukishavuka kigongo umekwisha kamuliwa. Mgeta, upande wa magharibi, hupata nusu ya hapo au pungufu, na Morogoro mjini haifiki 1,000. Karafuu, mdalasini na pilipili manga viko upande wa Kinole na Matombo. Kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo viko upande wa Mgeta. Mtu anaweza kutambua amesimama upande gani wa mlima kwa kutazama tenga lililo kichwani mwa anayepita.

Hilo ni la mwaka mzima. La siku moja linahitaji hesabu ndogo, na nitaiweka wazi kwa sababu inasaidia kuliko utabiri wowote wa kwenye simu. Hewa ina kiwango chake cha joto ambacho ikipoa kufikia hapo, mvuke unaanza kugeuka matone. Kwa kila nyuzi moja inayotenganisha joto la sasa na kiwango hicho, sakafu ya mawingu huwa juu kwa mita 125 hivi. Tuseme ni saa moja asubuhi, Novemba, mjini joto ni nyuzi 23 na kiwango cha matone ni nyuzi 20. Tofauti ni tatu, kwa hiyo mawingu yamekaa mita 375 juu ya mji, yaani kwenye mabega ya mlima. Mgeni akitazama kutoka hotelini anasema leo hakupandiki. Kufika saa nne joto limepanda hadi nyuzi 29 na mvuke haujabadilika sana. Tofauti sasa ni tisa, na sakafu ya mawingu imeinuka mpaka usawa wa mita 1,600. Mabega yote yako wazi, vilele bado vimejifunika. Kwa hiyo kilichokuwa kibaya saa moja ni kizuri saa nne, bila mtu yeyote kubadilisha chochote isipokuwa jua.

Kisha mambo yanageuka tena. Jua lililoinua mawingu ndilo linalopasha miteremko joto, na hewa iliyo juu ya miteremko hiyo inaanza kupanda yenyewe, ikivuta nyingine kutoka mabondeni. Kufika saa saba mawingu yaliyokuwa yamelala bapa yamesimama wima. Saa nane hadi saa kumi na moja ndipo mvua nyingi za vuli huko juu hunyesha, nyingine na radi. Usiku miteremko inapoa, hewa nzito inateremka kurudi mabondeni, na mchezo unaanza upya kesho.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hauna kosa hapa. Unazungumzia eneo pana, na Uluguru si eneo pana. Hata mkoa wenyewe umekatwa vipande viwili: kaskazini mwa mkoa wa Morogoro huhesabiwa katika maeneo yenye misimu miwili, vuli na masika, na kusini, kuelekea Ifakara na Mahenge, huhesabiwa katika yenye msimu mmoja mrefu. Mji na mlima wake viko karibu na mpaka huo, na mahali pa mpakani vuli hubadilika tabia mwaka hadi mwaka. Bahari ya Hindi ikipata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli hufurika, kama ilivyokuwa mwaka 2019. Ikipata joto upande wa pili, vuli huchelewa au haiji, kama ilivyokuwa mwaka 2022. Kwa hiyo anayeuliza Novemba huwaje Morogoro anauliza swali ambalo halina jibu moja.

Njia inayojulikana zaidi kwa safari ya siku moja huanzia nyuma ya Boma, hupita karibu na Rock Garden ambako Mto Morogoro unaruka juu ya mawe, halafu inakwea kuelekea Morningside. Asubuhi na mapema utakutana na watu wanaoshuka wakati wewe unapanda: akina mama wa Choma na vitongoji vya jirani, wamebeba ndizi, mboga, maharage na matunda kwenda sokoni. Unawapisha na kuwaamkia, maana mzigo ni wao na njia ni yao. Wengi wamevaa ndala, na wanapita mahali ambapo kijana wa mjini mwenye raba mpya anashikilia majani. Nasema hivi kwa sababu kila vuli huonekana vikundi vya vijana wanaopanda na ndala wakiiga wenyeji. Lakini miguu ya mama mwenye ndala imepanda na kushuka njia ile tangu utotoni mwake.

Soko wanalokwenda, kwa bahati, linabeba jina la mtu wa mvua. Soko kuu la Morogoro limepewa jina la Chifu Kingalu, na ukoo wa Kingalu wa Kinole ulijulikana Uluguru yote kwa kuombwa mvua. Watu walisafiri siku nzima kupeleka maombi. Si jambo la kushangaza kwamba mamlaka hayo yalikaa Kinole, mahali ambapo mvua huanza kunyesha kabla ya kwingine. Mwenye kukaa kifuani mwa mlima anaona wingu la bahari mapema kuliko aliye nyuma yake.

Morningside ni nyumba ya enzi ya Wajerumani, iliyojengwa kabla ya vita vya 1914, kwenye mita 1,300 hivi. Wajerumani walipanda huko kwa sababu ileile inayomfanya mtu wa leo apande: joto. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza nyuzi sita au zaidi kidogo. Mjini kukiwa nyuzi 31, Morningside kuna 26, na kilele cha Bondwa, mita 2,120, penye minara ya mawasiliano, kuna 21. Nyuzi 21 si baridi, mtu atasema. Ni baridi ukiwa umelowa jasho, umelowa mvua, na umesimama kwenye upepo uliotoka baharini. Wanaotetemeka Bondwa kwa kawaida hawakukosa sweta. Walilivaa tangu chini, likalowa jasho, na juu wakabaki hawana kavu la kubadilisha. Nguo kavu ndani ya mfuko wa nailoni ina thamani kuliko mwamvuli, ambao upepo wa kigongo huupindua mara moja.

Juu ya Morningside mashamba yanakwisha na msitu unaanza. Ni mpaka wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 kwa kuunganisha misitu ya hifadhi ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki, zaidi ya hekta 24,000 kwa jumla, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kibali na mwongozaji hupatikana mjini kabla ya kupanda, na mwongozaji si mapambo: ndani ya ukungu njia za wakata kuni, za wawindaji na za kilele hufanana zote.

Mpaka huu uko karibu na ile sakafu ya mawingu tuliyoipigia hesabu, na hilo linaeleza mengi. Miti ya huku juu imevaa kuvu, kuvumwani na jimbi mpaka kwenye matawi membamba, na majani yake hudondosha maji hata siku ambayo mvua haijanyesha. Ukungu unapopita katikati ya matawi, vitone vyake vidogo hugusa majani, hukusanyika, hudondoka. Kipimo cha mvua kilichowekwa uwanjani hakikamati maji hayo. Yanahitaji kitu cha kuyakinga, na kitu hicho ni mti. Ukikata msitu wa mawingu hukupunguza kivuli peke yake, umeondoa kinga. Wingu litapita palepale, kimo kilekile, na litaendelea na safari yake bila kuacha kitu.

Kinachodondoka kinaingia ardhini kupitia tabaka nene la majani yaliyooza na mizizi, kisha kinateremka polepole ndani ya udongo na nyufa za miamba, na kuja kutokea chini kama chemchemi wiki kadhaa baadaye. Hapo ndipo pa pili maji yanapokaa, na ndiyo sababu Mto Morogoro hutiririka Septemba wakati mji haujaona mvua tangu Mei. Pa tatu ni Lukwangule, uwanda ulio kusini, unaofikiwa kutoka Tchenzema kwa anayeweza kutembea kwa bidii tangu alfajiri. Huko, kwenye mita 2,400 na zaidi, mlima unapumzika kidogo kuteremka. Kuna nyasi, kuna majimaji, kuna udongo mweusi wa mboji iliyolowa ambao unazama unapoukanyaga. Hicho ndicho kitu cha karibu zaidi na ziwa ambacho Uluguru inacho. Aliyekwenda Lukwangule akitarajia maji ya kujitazama uso hurudi amekasirika. Aliyekwenda akijua kwamba chini ya nyayo zake kuna maji yaliyoshikwa na mboji huwa mwangalifu na moto wa kuchemshia chai, kwa sababu mboji ikikauka huungua chini kwa chini.

Sasa turudi kwa mpandaji, saa sita na nusu, karibu na Bondwa. Wingu limemfunika, anaona mita kumi tu mbele yake, na anajiuliza asubiri lipite au ashuke. Ushauri wangu hauna ushujaa. Saa saba ni saa ya kugeuka, hata kama kilele kiko dakika ishirini mbele. Udongo mwekundu wa miteremko ya chini ukilowa huteleza kuliko sabuni, na kushuka Morningside hadi mjini kwenye tope huchukua karibu muda uleule wa kupanda. Vijito vilivyorukwa asubuhi kwa hatua moja vina mabonde mafupi na makali. Mvua ikinyesha juu, maji huongezeka chini kabla hujaliona tone. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa na yakibeba vijiti, usivuke. Kaa, subiri. Yanavyopanda haraka ndivyo yanavyoshuka, na saa moja ya kusubiri haijamuumiza mtu. Radi ikianza, ondoka kigongoni na mbali na minara.

Kuna wanaodhani tahadhari hizi ni za watalii. Desemba 3, mwaka 2023, msimu huuhuu wa vuli, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikapita Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Uluguru nao una historia yake. Februari 23, mwaka 1970, eneo la Mgeta lilipata milimita 100 hivi za mvua kwa muda usiofika saa tatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Uppsala, Sweden, walioongozwa na Anders Rapp na Paul Temple, walipita wakihesabu makovu na kukuta maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Karibu yote yalikuwa yameanzia mashambani na malishoni. Yaliyoanzia ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Mvua ilikuwa moja, miteremko ilifanana. Kilichotofautiana ni mizizi. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi namna hii kuhusu kazi ya msitu katika nchi yetu, na naona ajabu kwamba haufundishwi shuleni Morogoro.

Lakini mtu asikimbilie kuwalaumu wakulima, kwa maana kuna aliyewahi kufanya hivyo na ikamshinda. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya Waingereza iliona udongo wa Uluguru unashuka mitoni, ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwa siku maalumu, na faini kwa asiyetokea. Mahali pengi matuta hayo yalifukua udongo mbovu wa chini na kuuweka juu, mavuno yakapungua. Ardhi ilikuwa ya koo, ikirithiwa kwa upande wa mama, na aliyepewa shamba la kulima kwa muda hakuona faida ya kujenga ngazi kwenye ardhi ambayo wenyewe wangeweza kuidai. Mwaka 1955 fujo zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mpango ukafa. TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe, ilipata wanachama wengi milimani humo. Jambo la kukumbuka ni kwamba palepale Mgeta, ambako leo kuna ngazi za mboga kutoka bondeni hadi angani, wakulima walizijenga na kuzitunza pale zilipoleta kabichi ya kuuza. Hawakuyakataa matuta. Waliikataa amri.

Anayeshuka salama na kuoga anaweza, kabla ya jua kuzama, kupanda bodaboda akafuata barabara ya Iringa kilomita chache na kuliona hatimaye ziwa la Uluguru. Ni Bwawa la Mindu, lililojengwa kwenye Mto Ngerengere miaka ya 1980, na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya maji ya mji. Kwa macho ni ziwa hasa: maji mapana, wavuvi, ndege weupe, na mlima mzima nyuma yake. Lakini ni ziwa lililochimbiwa upande mkavu wa mlima, na linapokea kila kitu kinachoshuka. Siku mbili baada ya mvua kubwa sehemu ya juu yake hugeuka rangi ya udongo wa mashambani, na udongo huo ukishatulia chini haurudi ulikotoka. Ndiyo maana kila miaka kadhaa mazungumzo ya mji hurudi kwenye kuinua ukuta wa bwawa.

Maji ya upande wa mvua hayapiti Mindu. Yanaingia Ruvu, na Ruvu huenda kwenye mitambo miwili ya Dar es Salaam: Ruvu Juu, ya mwaka 1959, na Ruvu Chini, ya mwaka 1976. Mitambo hiyo kwa pamoja ina uwezo wa kutoa lita zaidi ya milioni 460 kwa siku, na kwa miongo yote hiyo imekuwa ikichota moja kwa moja mtoni, bila bwawa nyuma yake. Kilichokuwa kikihifadhi maji ya jiji lile msimu wa kiangazi ni udongo wa msitu tulioupita asubuhi. Oktoba 2022, vuli ilipochelewa na Ruvu ikapungua, mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA, ilitangaza mgawo wa maji, na watu wa Dar es Salaam wakaanza kununua madumu kwa bei ya kiwazimu. Wapandaji wa mwezi ule walifurahia anga safi mpaka Bondwa.

Hali hiyo inabadilika. Kule Kidunda, ambako Ruvu imekwishatoka milimani, linajengwa bwawa la kuhifadhi lita bilioni 190, wazo lililozungumzwa tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Likikamilika, jiji litakuwa na akiba ya kuvukia kiangazi, na wengi watadhani deni kwa mlima limekwisha. Kimahesabu ni kinyume. Mtambo unaochota mtoni ukipokea tope unalisafisha likaisha. Bwawa likipokea tope linalitunza, na kila debe la udongo linalotoka shambani Matombo na kutua humo huchukua nafasi ya debe la maji. Jiji lenye bwawa linahitaji miteremko iliyotulia kuliko jiji lisilo nalo.

Jaribio la kulipia utulivu huo limewahi kufanywa, na lilifanywa hapohapo. Kata ya Kibungo Juu, upande wa mashariki, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao watumiaji wa maji wa Dar es Salaam, shirika la maji la jiji la wakati huo likiwemo, waliwalipa wakulima waliokubali kupanda miti, kuacha kingo za mito na kuchimba matuta. Matuta yaleyale ya 1955, safari hii kwa hiari na kwa fedha. Malipo hayakuwa makubwa, eneo lilikuwa dogo, na mpango ulikuwa wa majaribio tu. Lakini ulionyesha kwamba mkulima wa Uluguru yuko tayari kujadiliana bei, jambo ambalo mkoloni hakulifikiria. Ada ya maji ya Kidunda itapangwa siku moja, kwa lita, na katika mchanganuo wake kutakuwa na mstari wa umeme, wa dawa, wa mishahara na wa mkopo. Bado sijaona mahali walipoandika mstari wa Kibungo Juu.